PIN ya Shosho Sio Urithi Wako

Wasee, tusidanganyane. Wengi wenu mnaosoma hii mnajua PIN ya M-Pesa ya shosho ama guka wenu kwa kichwa. Hamkuiiba. Mliitwa siku moja mkaambiwa, "Kuja uniangalilie hii simu, macho yangu siku hizi haioni vizuri," na tangu hapo nyinyi ndio mnatuma, mnatoa, mnalipa stima, mnanunua dawa ya presha. Wazazi wametoka saa kumi na moja asubuhi kushika matatu ya kuingia Nairobi, wanarudi Thika Road ikiwa imeshikana usiku. Nani amebaki na mzee? Ni wewe uliyemaliza form four unangoja kuitwa chuo, ama wewe wa MKU ambaye klasi yako inaanza saa nane.

Sasa skiza. Siku ulipewa hiyo PIN ulipewa kazi, na hiyo kazi ina jina. Inaitwa kusimamia mali ya mtu mzima mwingine. Ikifanywa kwa njia ya sheria, mwenye mali anaandika hati ya uwakilishi, ile wengi wenu mnaisikia kwa jina la mawakili, power of attorney. Tofauti yako na mtu aliye na hiyo hati ni kwamba yeye anaweza kuitishwa hesabu mbele ya hakimu. Wewe hakuna anayekuuliza kitu. Hapo ndipo shida ya mtaa wetu inaanzia, kutoka Makongeni mpaka Kihunguro: tumegeuza imani ya wazee kuwa ATM, halafu tunaiita "kusaidia."

Najua nitatusiwa. Sawa. Lakini ni nani hajaona hii? Pesa ya Inua Jamii ikiingia, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyefikisha miaka 70, mara nyingi zinakuja za miezi kadhaa kwa mpigo. Unaona kijana kwa wakala anatoa yote. Shosho anapelekewa elfu moja na mia tano na kuambiwa "serikali imekata." Serikali haijakata. Wewe ndiye umekata. Ile iliyobaki imeenda kwa mechi ya Arsenal, na ukipoteza unaingia Fuliza kwa laini yake. Fuliza ilianza Januari 2019, na kwa miaka yote hii sijawahi kukutana na shosho hata mmoja wa mtaa wetu aliyeniambia anajua inavyofanya kazi. Lakini wengi wanadaiwa. Deni limeandikwa jina la mtu ambaye hajui hata hicho kibonyezo kiko wapi.

Na sio vijana peke yao. Kwa kweli vijana ni wezi wadogo. Wezi wakubwa ni kina anko.

Wale mmekulia Ruiru mnajua hadithi ya shamba hapa. Guka alifanya kazi kwa kahawa ama kwa kiwanda Thika, akanunua hisa kwa kampuni ya kununua mashamba, akagawiwa kipande ambacho wakati huo hakuna mtu alikitaka. Halafu barabara kuu ya Thika ikafunguliwa 2012. Mashamba ya kahawa yakageuka kuwa estate, Kamakis ikawa mahali pa nyama choma, na kile kipande cha guka cha futi 50 kwa 100 kikawa kitu cha kupigania. Guka naye kwa huo wakati ashazeeka. Anasahau majina. Anauliza swali moja mara nne. Ghafla yule anko ambaye hakuwa anapiga hata simu anaanza kuja kila Jumapili na mkate na maziwa. Baada ya miezi miwili anatembea na karatasi: "Mzee ameniandikia."

Amekuandikia nini? Hapa ndipo nataka tuelewane, juu hili neno "ameniandikia" ndilo linaua familia nyingi. Hati ya uwakilishi haimpi mtu mali. Hata kikombe haimpi. Inampa kazi ya kufanya kitu kwa niaba ya mwenyewe na kwa faida ya mwenyewe. Ukiuza ng'ombe wa guka kwa hati yake, pesa ni ya guka. Ukikusanya kodi ya ploti yake, kodi ni ya guka. Huruhusiwi kuchanganya pesa yake na yako, huruhusiwi kujiuzia mali yake kwa bei ya urafiki, na akitaka hesabu unamwonyesha. Yeye mwenyewe hajapoteza chochote kwa kuiandika. Bado anaweza kwenda benki mwenyewe, kuuza mwenyewe, na akiamka kesho hakupendi tena anaweza kuifuta. Mwakilishi ni mtumwa wa mwenye mali. Anko ameisoma kinyume.

Na inaweza kuwa nyembamba vile mzee anataka. Wengi hudhani ni lazima uandike kila kitu, "mali yangu yote, mahali popote." Hapana. Mtu anaweza kuandika: namruhusu binti yangu akusanye kodi ya ploti yangu ya Ruiru na alipe bili ya hospitali, basi. Hakuna kuuza. Hakuna kukopa. Inatiwa sahihi mbele ya wakili, inawekwa picha za paspoti, nakala za vitambulisho na namba za KRA. Ikihusu ardhi inasajiliwa kwa ofisi ya ardhi. Hati pana isiyo na mipaka inawafurahisha mawakili wavivu na watoto wenye haraka. Kama kuna mtu anamharakisha shosho wako atie sahihi ile pana, muulize mbona ile nyembamba haimtoshi.

Kando kidogo: ndugu zetu walio Marekani na Uingereza wanajua huu uchungu. Mtu anafanya shifti mbili, anamtumia kaka yake hati kutoka huko ili amnunulie ploti Ruiru amjengee. Miaka mitano anapokea picha za msingi kwa WhatsApp. Akija Disemba anapata nyumba kweli imejengwa, ila hati miliki iko kwa jina la kaka. Huyo ni mtu mwenye akili timamu, anapiga simu kila wiki, ana risiti zote, na bado ameliwa. Sasa fikiria mzee asiyekumbuka kama amekula.

Turudi kwa hao wazee, juu hapa kuna kitu ambacho hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani wakili anatania. Hati ya uwakilishi Kenya inakufa mwenyewe akipoteza akili. Sio akifariki, hapana, hiyo inajulikana. Namaanisha ile siku ubongo wake unashindwa kuelewa anachofanya, iwe ni kwa kiharusi, kwa ugonjwa wa kusahau ama kwa ajali ya bodaboda, mamlaka aliyokupa yanaisha. Unaandika hati ukijua ni ya siku mbaya. Siku mbaya inafika, hati inageuka kuwa karatasi ya kufungia njugu.

Mnajua hiyo kanuni imetoka wapi? Imetoka England. Kuna kesi ya 1879, Drew dhidi ya Nunn. Mwanamume alimpa mke wake mamlaka ya kuchukua bidhaa kwa jina lake, halafu akapatwa na wazimu. Mke akaendelea kuchukua bidhaa kwa muuzaji ambaye hakuwa na habari. Bwana alipopona akakataa kulipa. Majaji wakasema alipe, juu muuzaji hakujua, lakini wakashikilia kwamba wazimu ulikuwa umekata yale mamlaka ya mke. Mantiki yao ni rahisi: mwakilishi hawezi kufanya kitu ambacho mwenyewe hawezi kufanya.

Sisi tuliingizwa humo vipi? Kuna sheria yetu inayoitwa Judicature Act. Inasema mahakama zetu zitafuata, penye hatuna sheria yetu, kanuni za mahakama za England na sheria zao za jumla zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897. Hata reli ilikuwa haijafika Nairobi, na hiyo Nairobi yenyewe ilikuwa haijakuwa mji. Sheria hiyo hiyo inaongeza kwamba kanuni hizo zitumike kulingana na hali ya watu wa Kenya. Hali ya watu wa Kenya leo ni kwamba pesa ya shosho iko kwa simu.

Sasa kinachonikasirisha ni hiki. England wenyewe waliona hiyo kanuni ni ya kijinga wakaibadilisha. 1985 bunge lao lilipitisha sheria ya hati inayodumu, yaani hati ambayo haifi mwenyewe akipoteza akili. 2005 wakapitisha nyingine bora zaidi, ikaanza kutumika 2007, na hati zote za aina hiyo lazima zisajiliwe kwa ofisi maalum kabla ya kutumika. 2007! Mwaka ule ule M-Pesa ilizinduliwa hapa. Sisi tukaipatia dunia pesa ya simu, ikasifiwa kila mkutano, lakini kwa swali la nani ashike simu ya mtu aliyepoteza kumbukumbu tukabaki na jibu la mwaka wa 1879. Waliotuletea kanuni walishaitupa. Sisi tunaifua na kuipiga pasi.

Niwaambie vile hii inauma nikitumia kwetu. Guka wangu aliishi Thika maisha yake yote ya kazi. Alikuwa mtu wa kuandika: deni la muuza maziwa, siku ya mvua ya kwanza, kila kitu kwa daftari. Aliona mbele akaenda kwa wakili na tata yangu, akamwandikia hati safi, nyembamba, ya kutumia akaunti yake kwa matibabu na chakula. Pensheni yake ikawa inaingia, tata anatoa, anaandika. Halafu kiharusi cha pili kikaja. Baada ya hapo alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Tata akaenda benki, na kwa vile ni mtu mkweli akawaambia mzee hatambui watu tena. Karani akaenda kuongea na meneja, akarudi: hatuwezi kuendelea kutumia hii hati, leteni agizo la mahakama.

Nilitaka kulaani hiyo benki. Nikasoma. Benki haikukosea, ndiyo sababu siitaji. Ilifuata sheria. Kama tata angedanganya kwamba guka yuko sawa, angeendelea kutoa pesa kama kawaida. Mkweli akafungiwa mlango, na mwongo angefunguliwa. Pesa za guka zilikuwa pale, jasho lake la miaka thelathini na kitu, na sisi tulikuwa tunachanga kwa grupu ya WhatsApp ya familia tununue nepi za watu wazima na kulipa mtu wa kumnyoosha viungo.

Kuna jamaa wa karibu, simtaji, aliyekuja na suluhisho lake. Tumshike guka kidole gumba, tukitie wino, tupige kwa fomu mpya. "Kwani nani atajua?" Na wallahi kuna familia nyingi zinafanya hivyo, na nyingine hazina nia mbaya kabisa, zinataka tu mzee apate dawa. Ndio maana nasema sheria mbaya sio jambo la mawakili peke yao. Inafundisha watu waaminifu kuwa waongo. Na ukishapiga kidole cha mzee kwa fomu ya hospitali, hakuna ukuta unaokuzuia kukipiga kwa fomu ya shamba. Wino ni ule ule.

Tata alikataa. Tukaenda mahakamani.

Njia ya mahakama ipo, tusiseme haipo. Sheria ya Afya ya Akili inairuhusu Mahakama Kuu kumteua mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa, na siku hizi huhitaji kwenda Nairobi, Thika kuna Mahakama Kuu. Na niseme ukweli, ile sehemu ya usimamizi imeandikwa na mtu aliyewajua kina anko. Msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi, kuiweka rehani ama kuitoa zawadi bila ruhusa maalum ya mahakama. Hata kuikodisha zaidi ya miaka mitano lazima aombe. Ndani ya miezi sita ya kuteuliwa anapeleka orodha ya mali na madeni kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma, na kila mwaka anapeleka hesabu. Nilipenda hiyo. Natamani kila mtu anayeshika pesa ya mzee awe na hiyo presha.

Lakini angalia bei ya kuifikia. Unatafuta ripoti za daktari, hati za kiapo, idhini ya ndugu wote pamoja na yule ambaye hamjaongea tangu mazishi ya 2014, ada ya wakili, halafu tarehe zinaahirishwa. Miezi inapita na mzee anahitaji kula jioni hii. Na kuna aibu. Kusimama kortini useme mtu aliyekulea ana ugonjwa wa akili, kwa mtaa ambao hilo neno linamaanisha yule anayeokota karatasi stendi. Mama yangu alilia ile siku, sio juu ya pesa. Sheria ilirekebishwa 2022 na haki za wagonjwa zikaongezwa, na hiyo ni sawa. Lakini bado hakuna ile karatasi moja rahisi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuandika leo aseme: hii idumu hata nikisahau jina langu.

Kwa hivyo watu wanafanya nini? Wanarudi kwa PIN. Haina hakimu, haina wakili, haina ada. Mtu wa Kiandutu ambaye mzee wake ana elfu nne kwa simu hataenda Mahakama Kuu juu ya elfu nne, na hapaswi. PIN imekuwa hati ya uwakilishi ya maskini, na ni hati isiyo na ukurasa wa masharti.

Sasa kuna wale watasema, "Familia huaminiana, hayo makaratasi ni ya wazungu." Nimeisikia hii kanisani, nimeisikia kwa chama cha mathe, nimeisikia kwa mabeshte. Kwanza, wanaoisema sana ni wale wanaoshika simu. Pili, hiyo chama chenu ina daftari, ina mweka hazina, ina mtu wa kumkagua mweka hazina, na mkikosana juu ya mia mbili mnaitana kikao. Mnamwandikia jirani risiti ya kiti cha plastiki mlichokodisha kwa ruracio. Ni shosho peke yake ambaye pesa yake haiandikwi. Hiyo sio imani, wasee. Ni kwamba hatuogopi atatufanya nini.

Wengine watasema kuongea na mzee kuhusu hati ni kumtakia kifo. Hii naielewa zaidi, sitaicheka. Wazee wengi wenyewe hawataki. Wanaona mtoto anapiga hesabu ya mali wakiwa hai, na mara nyingi wako sahihi. Ndio maana njia unayoianzisha ina maana. Usianze na "shosho, nani atakuwa anashika ploti?" Muulize anataka nini. Anataka aendelee kukaa kwake hata akishindwa kutembea, ama yuko sawa kuhamia kwa mtoto? Kuna mtu kati yetu ambaye hangependa aguse pesa yake? Atakujibu hilo la pili haraka kuliko unavyodhani. Shosho yangu wa Ruiru, mama ya mathe, alinyamaza kama dakika nzima halafu akataja jina moja, na lilikuwa jina la mtoto wake anayempenda kuliko wote. "Nampenda," akasema, "lakini pesa ikimwona inakimbia." Yeye mwenyewe sasa amechagua wawili washike pamoja, mmoja asiweze kutoa bila mwingine kujua. Hakufundishwa na wakili. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake miaka mingi.

Kama wewe ndiye unashika simu saa hii, kuna vitu unaweza kufanya kabla bunge liamke. Andika. Daftari la shilingi thelathini linatosha: tarehe, zimetoka ngapi, za nini, zimebaki ngapi. Taarifa ya M-Pesa inaweza kuitishwa kwa simu yenyewe, muonyeshe mzee na umuonyeshe mtu mwingine mmoja wa familia kila mwezi, hata kama hakuna aliyeuliza. Usipitishe pesa yake kwa laini yako hata kama ni "kwa dakika mbili." Ukitaka nauli ya kumpeleka Thika Level 5, muombe, iandike. Na kama mzee bado yuko sawa, aende kwa wakili mapema na apate barua ya daktari ya wiki hiyo hiyo inayosema anaelewa anachofanya. Hiyo barua ndiyo itamfunga mdomo anko baadaye akidai shosho alidanganywa, na ndiyo itamfunga anko huyo huyo akija na karatasi ya tarehe ya baadaye.

Kuhusu bunge: nataka hati inayodumu, lakini sitaki ile ya kuandikwa chini ya mwembe. Hati ya aina hiyo bila ulinzi ni kumpa mwizi funguo na mwenye nyumba amelala. Isajiliwe kabla ya kutumika. Ndugu wapewe taarifa na muda wa kupinga. Awepo mtu wa kupokea hesabu kila mwaka, na kwa mali ndogo hiyo hesabu iwe ukurasa mmoja wa kujaza kwa simu, bila kwenda Mahakama Kuu. Kuuza ardhi kubaki kwa ruhusa ya hakimu. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na apate matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na serikali. Familia angalau inajaribu, ikikosea inakosea. Serikali imekaa na kanuni ya 1879.

Na msiniambie hatuwezi kuwasukuma. 2024 mlisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, mkautafsiri kwa lugha za mama, mkaupeleka TikTok mpaka mathe wa sokoni akajua ushuru wa mkate. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge litunge sheria ama liibadilishe. Nimeanza kuandika ombi. Aliye na mzee kama guka wangu, anitumie alichopitia bila kutaja majina. Wanafunzi wa sheria wa MKU na JKUAT, nyinyi nawaita kwa jina kabisa, juu mnajua kuandika hizi vitu na mimi najua kupiga kelele tu.

Kitu kimoja cha mwisho, juu nimeulizwa mara nyingi: mzee akifariki, PIN inaendelea? Haiendelei. Hati imekufa, ruhusa imekufa, na kila shilingi ni ya urithi mpaka mahakama imteue msimamizi. Ule mchezo wa kukimbia kwa ATM usiku mwili ukiwa bado mochari ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, ama faini isiyozidi shilingi 10,000, ama vyote viwili. Shilingi 10,000, kwa mtu aliyejibeba na ploti ya Kamakis. Hiyo pia naiweka kwa ombi.